Alphonse Desjardins na benki iliyoanza na senti kumi

Leo tunatoka kidogo ku Katanga yetu, tunavuka bahari mupaka Kanada, ku jimbo la Québec kwenye watu wanasema Kifaransa. Tunataka kuwaelezea maisha ya mutu mumoja aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita: Alphonse Desjardins. Hakuwa tajiri, wala hakusomea mambo ya benki. Lakini alianza benki ambayo ni mali ya wale wenyewe wanaotia feza yao ndani, na benki hiyo ingali inatumika mupaka leo.

Tulimuchagua kwa sababu katika kambi na cité zetu kila mutu anajua neno bwadeni, ao kama wengine wanavyosema, lambert. Mutoto anagonjwa, ao minerval inadaiwa, mushahara ungali mbali. Unakopa leo, mwisho wa mwezi unarudisha pamoja na faida kubwa. Kiisha hicho kilichobaki hakitoshi, na unarudi kukopa tena. Jambo hilo ndilo lililomuchoma Desjardins ku moyo.

Alizaliwa tarehe 5 Novemba 1854 ku Lévis, muji mudogo ulio kando ya muto Saint-Laurent, ngambo ya muji wa Québec. Alikuwa wa munane kati ya watoto 15. Nyumba yao ilikuwa ya umaskini, na mama yake, Clarisse, alikuwa anaenda kufanya kazi ku nyumba za majirani juu watoto wapate kula. Alphonse aliingia ku collège ya Lévis, lakini mu mwaka wa 1870 aliacha masomo, akaanza kutafuta maisha. Akawa mwandishi wa magazeti. Mu 1879 alimuoa Dorimène Roy, musichana aliyezaliwa Sorel. Walizaa watoto kumi.

Kazi yake haikuwa na usalama. Kwa miaka kumi alichapisha mazungumuzo ya bunge la Québec, kiisha serikali ikakata musaada mu 1889 na kazi ikakufa. Mu 1891 alianzisha gazeti yake mwenyewe, halikumaliza mwaka. Mutu mwenye famili kubwa na asiye na kazi ya hakika, tunajua ginsi anavyolala usiku. Mu 1892 akapata kazi ku Ottawa, muji mukubwa wa Kanada: kuandika maneno ya wabunge wa Kifaransa pale pale wanapoyasema. Alifanya kazi hiyo mupaka 1917. Bunge likikutana alikuwa Ottawa. Likifunga, alirudi Lévis kwa bibi na watoto.

Hapo ndipo alisikia jambo lililogeuza maisha yake. Tarehe 6 Aprili 1897, mbunge mumoja alisimama kuwashitaki wakopeshaji wa riba. Akatoa mufano wa mutu wa Montréal: alikopa dola 150, na tribinali ikamuambia alipe faida ya dola 5.000. Wengine walisikia hesabu hiyo na kwenda kula. Desjardins, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika tu, hakuweza kuisahau.

Kuanzia hapo alitafuta dawa. Mawazo yake yalikuwa hivi: mukopeshaji wa riba hatakwisha kwa kulalamika wala kwa kumukataza. Mutu mwenye shida atamufuata hata usiku. Inafaa kuwe mulango mwengine wa kupiga hodi. Lakini benki kubwa za wakati huo hazikuwa na lazima ya kumukopesha mufanyakazi mudogo. Franka zake zilikuwa kidogo sana.

Akasoma kitabu cha Mwingereza Henry Wolff juu ya benki za watu wadogo za Ulaya. Mu 1898 akamwandikia barua, na Wolff akamuonyesha wengine wa kuandikia. Kwa miaka mingi barua zilienda na kurudi. Alijifunza ginsi Mujerumani Raiffeisen aliwaunganisha walimaji wa vijiji, watu wanaojuana, na ginsi Waitalia walijenga benki za watu katika miji yao. Hakukamata mufano mumoja na kuupandikiza vile vile. Alichukua hapa kidogo na pale kidogo, akapima na maisha ya Lévis.

Tarehe 6 Desemba 1900, watu zaidi ya mia moja walikutana Lévis wakaanzisha Caisse populaire. Sheria zake zilikuwa nyepesi kusikia. Kila memba ananunua sehemu ya dola 5, na anaweza kuilipa pole pole, senti kumi kwa juma. Ku mukutano mukubwa, kila mutu ana sauti moja tu, hata kama feza yake ni nyingi kuliko ya wengine. Caisse inafanya kazi mahali pamoja tu, ku paruwasi, juu memba wanajuana: kila mutu anajua nani anafanya kazi vizuri na nani anakunywa mushahara wake. Kamati moja inaangalia maombi ya mukopo, ingine inakagua vitabu, na watu wa kamati hawalipwi. Feza ya Lévis inabaki Lévis.

Caisse ilifungua mulango tarehe 23 Januari 1901. Feza ya kwanza iliyotiwa ilikuwa senti kumi. Siku ile yote wakakusanya dola 26 na senti 40. Watu wa benki kubwa wangeweza kucheka. Lakini tuangalie vizuri: mwenye kuleta senti kumi alikuwa anaacha mu mikono ya jirani kitu ambacho hakuweza kukipata tena kama kikipotea.

Na hapa ndipo kulikuwa hatari ambayo watu wengi hawaielezi. Mu 1900 hakukukuwa sheria yoyote Kanada iliyojua caisse ya namna hii. Mbele ya serikali haikuwa kitu. Kama mukopaji angekataa kulipa, ao kama feza ingepotea, wangemufuata nani? Desjardins mwenyewe, na nyumba yake, na bibi yake, na watoto wao. Kadiri feza ya majirani ilivyozidi, mzigo ulizidi vilevile. Kwa hiyo hakukimbilia kufungua zingine ovyo ovyo. Mupaka 1905 ziliongezeka tatu tu: Lauzon, Hull na Saint-Malo ku muji wa Québec. Mupaka sheria ipatikane, alisema na moyo wake, tusiwaingize watu wengi mu hatari.

Wakati yeye yuko Ottawa, nani alikuwa anaangalia feza ile? Ni mama Dorimène. Caisse ilikuwa inafanya kazi mu nyumba yao. Yeye ndiye alipokea feza, aliandika vitabu, aliwajibu watu, bila mushahara, na watoto wakiwa pembeni. Tukumbuke kwamba sheria ya Québec ya wakati ule ilimuhesabia mwanamuke aliyeolewa kama mutoto mudogo: kutia mukono ku makaratasi ilihitaji ruhusa ya bwana. Lakini akiba ya wafanyakazi wa Lévis ilikuwa salama kwa sababu mwanamuke huyo alijua hesabu na hakugusa hata senti moja. Na yeye ndiye alijua vizuri kuliko wote kile watakachopoteza kama mambo yakiharibika. Banamama wetu wanaochunga feza ya likelemba wataelewa bila sisi kuongeza neno.

Mu Machi 1906 bunge la Québec likapitisha sheria ya vyama hivi. Sasa caisse ilikuwa na jina mbele ya tribinali. Desjardins alitaka pia sheria ya Kanada yote. Mu 1908 wabunge wa Ottawa wakaikubali, lakini Sénat ikaikataa, akapungukiwa sauti moja tu. Hakuacha. Siku za mapumuziko alipanda treni, akaenda ku paruwasi waliyomuita, akafasiria watu, akafundisha mutu wa kuandika vitabu, akarudi. Mu mwaka ule wa 1908 alisaidia kuanzisha caisse ku Manchester, jimbo la New Hampshire, kwa Wakanada waliohamia kufanya kazi mu viwanda vya vitambaa. Ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Marekani.

Kuanzia 1914 ugonjwa ulimufungia mu nyumba zaidi na zaidi. Akaendelea kujibu barua. Alikufa Lévis tarehe 31 Oktoba 1920. Wakati huo caisse 187 zilikuwa zimekwisha kuanzishwa mu jimbo la Québec peke yake. Zingine zilikuwa zimefungwa, maana si kila mahali watu walishika sheria. Mama Dorimène aliendelea kutoa shauri mupaka kifo chake mu 1932, na watu walimusikiliza. Leo Mouvement Desjardins ina memba na wateja zaidi ya milioni saba, kiti chake kikubwa kingali Lévis, na nyumba ile ya zamani imekuwa makumbusho.

Sisi hapa hatuanzi na mikono mitupu. Tuna likelemba, na tuna sheria ya tarehe 2 Februari 2002 juu ya coopec, inayoziweka chini ya macho ya Banque Centrale. Lakini likelemba inagawanya feza na kuimaliza. Haiachi kitu cha kumukopesha mwenye shida ya gafula. Na wengi wetu tulikwisha kuona watu wanakuja na calepin nzuri, wanakusanya feza ya wachimbaji, kiisha wanapotea. Kwa hiyo mbele ya kutia makuta yako popote, uliza kile watu wa Lévis waliweza kuuliza: Mimi nina sauti ku mukutano? Nani anakagua vitabu, na tunamujua? Agrément ya Banque Centrale iko wapi, muonyeshe karatasi. Feza inakopeshwa kwa nani, na kwa faida gani?

Kama jibu la mojawapo ya maulizo hayo halipatikani, rudisha feza yako mufukoni. Na kama yote yanajibiwa, hata senti kumi inatosha kuanza.