Blaise Pascal: Akili Yake na Imani Yake

Watu wakikaa kuzungumza, iwe barazani, iwe safarini, iwe matangani, hawakawii kuyagusa maswali makubwa: mtu yupo duniani kwa ajili gani, wema na ubaya hupimwa kwa kipimo gani, na je, dini na akili hupatana au hugombana? Katika mazungumzo hayo maoni mawili hayakosi kusikika. Mmoja atasema kwamba aliyesoma sana hana haja tena ya kusali. Mwenzake atajibu kwamba mwenye kusali hana ruhusa ya kuulizauliza. Wote wawili huona taabu kidogo wakitajiwa habari za Blaise Pascal, kwani mtu huyo aliuliza kuliko wengi, akasali kuliko wengi, wala hakuona kwamba kazi moja yamzuia kuifanya ya pili. Hakuwa padre, wala mtawa, wala mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa mlei, mgonjwa karibu maisha yake yote, akafa akiwa na umri wa miaka 39.

Alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 katika mji wa Clermont, nchini Ufaransa. Mama yake alifariki mwaka 1626, akawaacha watoto watatu: Gilberte, Blaise na Jacqueline. Baba yao, Étienne Pascal, alikuwa hakimu katika mahakama ya mambo ya kodi. Mwaka 1631 aliwahamishia wanawe Paris, akashika mwenyewe kazi ya kuwafundisha, hata Blaise hakupelekwa shule kamwe. Baba huyo alikusudia kwamba mtoto ajifunze kwanza lugha, na hesabu za maumbo azingoje mpaka awe kijana, maana aliogopa zisije zikamteka akayasahau mengine yote. Gilberte asimulia kwamba Blaise, naye ana miaka 12, alikutwa sakafuni akichora kwa makaa, amekwisha kugundua peke yake kwamba pembe za pembetatu zikijumlishwa ni sawa na pembe mraba mbili. Baba alitokwa na machozi, akampa vitabu. Alipokuwa na miaka 16 aliandika karatasi juu ya mikato ya umbo la pia, nayo ikawashangaza wataalamu wa Paris.

Mwaka 1640 jamaa hiyo ilihamia Rouen, ambako Étienne alitumwa na serikali kupanga na kuhesabu kodi za jimbo zima. Kijana akamwona baba yake akikesha usiku juu ya tarakimu. Kuanzia mwaka 1642 alijitahidi kutengeneza mashine yenye magurudumu ya meno, ambayo iliweza kujumlisha na kutoa hesabu yenyewe. Alijaribu mifano ipatayo hamsini kabla ya kuridhika. Leo mwuza duka hubonyeza vidole vyake juu ya kimashine kidogo, asijue kwamba mmoja wa mababu wa kimashine hicho alizaliwa kwa huruma ya mtoto kwa baba yake.

Dini ilikuwamo nyumbani mwao tangu awali, lakini kwa namna ya desturi. Mwaka 1646 Étienne aliteleza juu ya barafu akateguka nyonga. Ndugu wawili wenye ujuzi wa kuunga mifupa wakaja kumwuguza, wakakaa naye miezi mitatu. Hao walikuwa Wakristo wa bidii kali, na vitabu walivyoviacha viliwageuza wote wa nyumba ile. Blaise alikuwa na miaka 22. Basi, mtu angedhani kwamba tangu hapo angeiacha elimu ya dunia. La, mwaka ule ule aliingia katika kazi iliyompa sifa kubwa kuliko zote.

Kwa karne nyingi wataalamu walifundisha, wakimfuata Aristotle, kwamba nafasi tupu haiwezekani kuwapo, kwa kuwa maumbile huichukia. Torricelli, Mwitalia, alikuwa amejaza zebaki katika mrija wa kioo, akaupindua ndani ya bakuli. Zebaki ikashuka kidogo kisha ikasimama, na juu yake ikabaki nafasi isiyo na kitu. Kitu gani kiliishikilia zebaki isimwagike yote? Pascal alifikiri kwamba ni uzito wa hewa inayoligandamiza bakuli kwa nje. Kama ndivyo, basi juu ya mlima, ambako hewa iliyo juu yetu ni chache, zebaki haina budi kushuka zaidi. Kila mtu aliyepanda Kilimanjaro ajua jinsi hewa inavyopungua kule juu. Lakini wakati ule jambo hilo lilikuwa halijapimwa. Yeye hakuwa na nguvu za kupanda mlima, basi akamwandikia shemeji yake Florin Périer, mume wa Gilberte, aliyekaa Clermont chini ya mlima Puy de Dôme.

Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alikusanya mashahidi, mapadre na walei. Wakapima zebaki katika bustani ya watawa mjini, na mtawa mmoja akaachwa pale na mrija mmoja autazame kutwa nzima. Wengine wakapanda na mrija wa pili. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kwa sentimita 8 na zaidi kidogo. Wakarudia kupima mara nyingi, mahali mbalimbali, kwenye upepo na penye kinga. Waliporudi jioni, mtawa akawaambia kwamba mrija wake haukuonyesha badiliko lolote. Hata leo watabiri wa hali ya hewa huupima mgandamizo wa hewa kwa kipimo kiitwacho kwa jina la Pascal.

Twakawia hapa kwa makusudi. Katika kuitetea kazi hii Pascal aliweka kanuni ambayo yafaa kila msomaji aishike. Mambo yanayojulikana kwa macho na kwa hoja, alisema, yahukumiwe kwa macho na kwa hoja, na jina la mtu wa kale, hata awe mkuu namna gani, haliwezi kuyapinga. Bali mambo ambayo Mungu mwenyewe ameyafunua hayapatikani kwa mirija wala kwa hesabu. Hayo yategemea neno la yule aliyeyafunua. Anayeleta Aristotle ili kukanusha zebaki amekosea hakimu, na anayeleta zebaki ili kumkanusha Mungu amekosea vile vile. Ugomvi mwingi tunaousikia kati ya dini na elimu ni kesi iliyopelekwa katika baraza lisiloihusu.

Étienne alifariki mwaka 1651, na mwaka uliofuata Jacqueline akaingia utawa wa Port-Royal. Blaise hakupenda, kwani alimtegemea mno dada huyo, na hata juu ya mali ya urithi walitofautiana. Akajitia katika jamii ya mabwana wa Paris, watu wa mazungumzo mazuri na kamari. Wakamletea swali la wachezaji: ikiwa watu wawili wameweka fedha, kisha mchezo ukavunjika kabla ya kwisha, wagawane vipi kwa haki? Mwaka 1654 aliandikiana na Pierre de Fermat juu ya swali hilo. Tuseme kila mmoja ameweka sarafu 32, na mshindi ni atakayetangulia kushinda mara tatu; mmoja ameshinda mara mbili, mwenzake mara moja. Pascal ajibu hivi: yule wa kwanza, hata akishindwa mchezo unaofuata, watakuwa sawasawa, naye atapata 32, basi hizo ni zake tayari. Zilizobaki 32 zina shaka nusu kwa nusu, achukue 16. Apewe 48, mwenzake 16. Katika hesabu hiyo ndogo umo mwanzo wa elimu yote ya kupima yasiyojulikana, ambayo kampuni za bima zaishi kwayo.

Lakini mwenyewe hakuwa na furaha. Alimwambia Jacqueline, alipokwenda kumzuru utawani, kwamba dunia yamchosha na Mungu hamvuti. Ndipo ulipofika usiku wa tarehe 23 Novemba 1654. Kuanzia kama saa nne na nusu mpaka karibu saa sita na nusu alikuwa katika sala, akajaliwa jambo ambalo hakumwambia mtu maisha yake yote. Aliliandika kwa maneno machache yaliyokatikakatika: kwamba Mungu aliyekutana naye ni yule wa Abrahamu, Isaka na Yakobo, si wazo linalopatikana mwishoni mwa hoja za wanafalsafa. Karatasi hiyo aliishonea ndani ya bitana ya koti. Kila alipobadili koti aliifumua akaishona tena, miaka minane, mpaka mtumishi alipoigusa baada ya kifo chake.

Mwaka 1656 rafiki zake wa Port-Royal waliingia katika shida. Walifuata mafundisho ya askofu Jansenius juu ya neema, nayo yalikuwa yamekwisha kuhukumiwa na Roma mwaka 1653. Pascal akawatetea kwa barua 18, bila kutaja jina lake, akiwashambulia Wajesuiti kwa kuwa, kwa maoni yake, baadhi yao walilegeza sheria ya maadili mpaka mwenye dhambi aweze kukuta ruhusa kwa kila atakalo. Barua hizo zilitiwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1657. Haki yatudai tuseme pande zote. Aliwatendea Wajesuiti vikali kupita kiasi, akiwabebesha wote makosa ya wachache, na juu ya neema alisimama karibu mno na waliopotoka. Lakini katika jambo la maadili hakuota ndoto: mwaka 1679 Papa Inosenti XI alihukumu hoja 65 za ulegevu wa namna ile ile. Na mwaka 2023, ilipotimia miaka 400 tangu Pascal azaliwe, Papa Fransisko aliandika barua nzima kumkumbuka kama mtafuta ukweli asiyechoka.

Kazi aliyoikusudia kuliko zote hakuimaliza. Alitaka kuandika kitabu cha kuitetea dini mbele ya rafiki zake wale wa kamari na mazungumzo mazuri. Aliandika mawazo yake katika karatasi kubwa, akazikata vipande kwa mkasi, akavitunga kwa uzi kadiri ya maana. Vipande hivyo vilichapwa mwaka 1670 kwa jina la Mawazo. Humo hawakemei wasioamini. Awauliza mbona hawana haraka. Mtu huhangaika usiku kucha kwa ajili ya cheo kilichompita, lakini swali la kama roho yake hufa au haifi aliahirisha kama deni la jirani mpole. Na kwa nini? Kwa sababu tunaogopa kukaa peke yetu kimya, basi tunatafuta mawindo, michezo, ugomvi na shughuli, si kwa faida yake, bali zisituache tufikiri. Siku hizi chombo cha kutusaidia kutofikiri kimo mfukoni mwa kila mtu.

Humo pia imo ile hoja yake ya kuweka dau, ambayo wengi wameicheka kana kwamba imani hununuliwa kama tiketi ya bahati nasibu. Hawakuisoma vema. Pascal haitoi kama uthibitisho kwamba Mungu yupo. Asema na mcheza kamari kwa lugha ya kamari: maadamu unaishi, umekwisha kuweka dau, maana kuishi kana kwamba Mungu hayupo nako ni kuchagua, basi angalau pima unachohatarisha na unachoweza kupata, kama unavyopima mezani. Na yule akijibu kwamba hoja ameikubali lakini moyo haumfuati, amwelekeza atafute kizuizi katika tamaa zake, si katika akili, tena aanze kutenda kama wanavyotenda waaminio.

Mwenyewe alitenda, mara nyingine kupita kiasi. Alivaa kiunoni mshipi wa chuma wenye ncha, akaukandamiza kila alipojiona ana majivuno katika maongezi. Alimkaripia Gilberte kwa kuwakumbatia watoto wake. Hayo hatuyasifu, mtoto aliyefiwa na mama akiwa na miaka mitatu angaliweza kujua thamani ya kukumbatiwa.

Jacqueline alifariki mwezi Oktoba 1661. Katika miezi iliyobaki Pascal alijiondoa katika mabishano. Mwezi Machi 1662 yeye na wenzake walianzisha Paris magari ya farasi yaliyopita njia maalumu kwa saa maalumu, yajae yasijae, kila abiria akilipia kiti chake tu. Ndiyo mabasi ya kwanza ya mji. Alitaka sehemu yake ya faida ilipwe mapema ili awapelekee maskini wa Blois waliokuwa katika njaa. Wenzake walikataa.

Nyumbani mwake alikuwa amekaribisha jamaa moja ya maskini. Mtoto wao mmoja akashikwa na ndui. Gilberte alikuwa akija kila siku kumwuguza kaka yake, na ilihofiwa asiwapelekee wanawe ugonjwa. Wote waliona wazi kwamba mtoto yule ahamishwe. Pascal, ambaye siku hizo hakuweza kusimama vizuri, alisema kwamba kuhama kwamdhuru yeye kuliko mtoto kidogo tu, hapana, mtoto ndiye angepata hatari kubwa zaidi. Akatoka yeye katika nyumba yake, mwishoni mwa Juni, akaenda kulala kwa dada yake, wala hakurudi tena.

Huko, paroko wa Saint-Étienne-du-Mont alimwungamisha mara nyingi. Pascal aliona haya kwa jinsi alivyotunzwa, akaomba atafutwe maskini mgonjwa, alazwe katika nyumba ile ile, atunzwe sawasawa naye. Hakupatikana aliyeweza kuhamishwa. Basi akaomba apelekwe yeye katika hospitali ya wasioponyeka, afe kati yao. Waganga walikataa. Akapewa Komunyo Takatifu na Mpako wa Mwisho, akafa tarehe 19 Agosti 1662, saa saba ya usiku.