Willem Einthoven: Daktari aliyeusoma moyo kupitia mikono na mguu

Mgonjwa anapowekewa nyaya za kipimo cha moyo, yaani ECG, mara nyingi huuliza kama zitampiga shoti. Jibu ni hapana. Mashine haikuletei umeme. Inasoma umeme unaotengenezwa na moyo wako mwenyewe. Aliyetuwezesha kuusoma vizuri ni daktari Mholanzi, Willem Einthoven.

Alizaliwa mwaka 1860 mjini Semarang, kisiwani Java, katika Indonesia ya leo, wakati huo ikiwa koloni la Uholanzi. Baba yake, naye daktari, alifariki Willem akiwa mdogo. Mwaka 1870 mama yake alihamia Utrecht, Uholanzi, na watoto wake sita. Huko Willem alisomea udaktari, na akiwa na miaka 25 tu aliteuliwa kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Kila pigo la moyo huanzishwa na umeme mdogo sana. Kwa kuwa mwili umejaa maji yenye chumvi, umeme huo husambaa hadi kwenye ngozi ya mikono na miguu. Mwaka 1887, Augustus Waller alikuwa ameshaurekodi jijini London, lakini kifaa chake kilikuwa kizito kufuata kasi ya mapigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Einthoven alitumia uzi mwembamba mno wa kwatzi uliopakwa madini ya fedha, ukiwa katikati ya sumaku kubwa. Umeme wa moyo ulipopita, uzi ulitikisika na kivuli chake kikapigwa picha.

Mashine yake ilikuwa na uzito wa takriban kilo 270 na iliendeshwa na watu watano. Mgonjwa alikaa mikono yote miwili na mguu wa kushoto vikiwa ndani ya vyombo vya maji ya chumvi, ili umeme upite kirahisi kutoka kwenye ngozi. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na ile jeli ya baridi tunayokupaka kifuani.

Mashine kubwa kiasi hicho haikuweza kupelekwa wodini. Hivyo mwaka 1905 Einthoven alitumia waya wa simu kusafirisha mapigo ya wagonjwa kutoka hospitali hadi maabara yake, umbali wa kilomita moja na nusu. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1924, akafariki mwaka 1927. Herufi P, Q, R, S na T alizoyapa mawimbi ya moyo bado tunazitumia kila siku.

Saa janja zenye ECG zinafuata njia yake. Mgongo wa saa unagusa mkono mmoja, nawe unaigusa saa kwa kidole cha mkono mwingine. Mwili wako, kutoka mkono hadi mkono kupitia kifuani, ndio unaokamilisha waya.

Lakini hiyo ni njia moja tu ya kuutazama moyo, wakati hospitali tunautazama kwa njia 12. Saa inaweza kusaidia kugundua mapigo yasiyo na mpangilio. Haiwezi kukuambia kwamba huna shambulio la moyo. Ukipata maumivu au kubanwa kifua, jasho jembamba, kukosa pumzi, au maumivu yanayopanda mkononi au kwenye taya, nenda hospitali haraka hata kama saa inaonyesha kila kitu ni sawa.

Nanyi wazazi, mtoto akizimia wakati anakimbia au anacheza, msiseme ni njaa au jua tu. Mleteni apimwe ECG. Kipimo huchukua dakika chache na hakiumi. Mwambieni mapema kwamba nyaya zile zinausikiliza moyo wake tu, asiogope.