Roger Tory Peterson: Mchoraji aliyewafundisha watu kumjua ndege bila kumpiga risasi

Mkulima akiona kundi la ndege wadogo juu ya mtama wake, swali la kwanza ni moja: hawa ni kwelea kwelea au ni ndege wengine tu? Akikosea, anaweza kupoteza shamba, au akawaua ndege wasio na kosa. Katika makala haya tunawaletea maisha ya Mmarekani aliyefanya kazi ya kurahisisha swali la namna hiyo, hadi likaweza kujibiwa na mtu yeyote.

Mtoto wa fundi wa kiwandani

Roger Tory Peterson alizaliwa tarehe 28 Agosti 1908 katika mji wa Jamestown, jimbo la New York. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Sweden, aliyeanza kazi ya kiwandani akiwa mtoto wa miaka kumi. Nyumbani hakukuwa na fedha za kuchezea, na baba hakuelewa kwa nini kijana wake anashinda porini akitazama ndege.

Shuleni, mwalimu wake alianzisha klabu ya ndege na kuwapa wanafunzi picha za kuchora. Kisha likaja tukio ambalo Peterson alilisimulia maisha yake yote. Akiwa na miaka 11 alimkuta kigong'ota, yule ndege anayetoboa miti kwa mdomo, ametulia kama mzoga. Alipomgusa, ndege akafumbua macho na kuruka, mabawa yaking'aa rangi ya dhahabu. Alikuwa amelala tu kwa uchovu wa safari. Tangu siku hiyo Peterson hakuwaacha ndege tena.

Alipomaliza shule alipaka rangi samani kiwandani, kisha akaenda New York kusomea uchoraji, na baadaye akawa mwalimu.

Kitabu cha kubeba porini

Zamani wataalamu walimtambua ndege kwa kumpiga risasi, kisha kumshika mkononi na kumkagua. Vitabu vilikuwa vinene, vimejaa maelezo ya manyoya ambayo mtu aliye mbali hawezi kuyaona.

Peterson aligeuza mambo. Aliwachora ndege wanaofanana wakiwa pamoja, wamekaa mkao mmoja, kisha akaweka mistari midogo inayoonyesha alama ya kumtofautisha kila mmoja: mstari juu ya jicho, doa la bawa, umbo la mkia. Sehemu ya wazo hilo aliipata utotoni katika kitabu cha Ernest Thompson Seton, kinachomsimulia mvulana aliyejifunza kuwatofautisha bata wa mbali kwa mabaka yao.

Wachapishaji kadhaa walikataa, kwani Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi. Kampuni ya Houghton Mifflin ilikubali kwa tahadhari: nakala 2,000 tu, na mwandishi asilipwe kitu kwa nakala 1,000 za kwanza. Kitabu kilitoka mwaka 1934, Peterson akiwa na miaka 25. Nakala zote ziliisha kwa muda mfupi sana, na kikaendelea kuchapishwa upya kwa miongo mingi.

Viota vilivyobaki vitupu

Mwaka 1954 alihamia Old Lyme, jimbo la Connecticut, karibu na mto wenye viota vingi vya ndege mkubwa anayevua samaki. Mwaka hadi mwaka aliona viota vikipungua. Chanzo kilikuwa dawa ya wadudu ya DDT: iliingia kwa samaki, ikafika kwa ndege, na maganda ya mayai yakawa membamba hata kupasuka kabla ya kuanguliwa.

Mwaka 1964 Peterson alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Seneti. DDT ilipigwa marufuku nchini humo mwaka 1972, na ndege wale wakaanza kurudi.

Hapa ndipo tunapoona thamani ya kitabu chake. Anayewaita wote ndege tu hawezi kujua mmoja wao anapotoweka. Anayemjua kila mmoja kwa jina hugundua mapema, na onyo hilo huweza kumfikia hata binadamu anayekula samaki walewale.

Njia yake yafika kwetu

Mwaka 1963 John Williams, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Nairobi, alitoa kitabu cha aina hiyo kwa ndege wa Afrika Mashariki na Kati. Peterson mwenyewe alifariki tarehe 28 Julai 1996, akiwa na miaka 87.

Hata usipokuwa na kitabu, njia yake unaweza kuitumia kesho asubuhi. Ukimwona ndege usiyemjua, tazama ukubwa wake, mdomo, mkia na alama za bawa kabla hajaruka. Kisha muulize mzee wa kijijini jina lake.