Sheikh Uways wa Barawa na Suala la Nafsi Idumuyo

Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi alizaliwa mwaka 1847 huko Barawa, mji wa Benadir wenye lahaja yake ya Kiswahili, Chimwiini. Alisomea Baghdad, akarejea na ijaza ya tarika ya Qadiriyya, akaieneza miongoni mwa Wasomali na hadi Unguja, ambako Sultani Barghash alimkaribisha. Wafuasi wa tarika hiyo wamo pia Garissa na kwingineko Kaskazini Mashariki mwa Kenya.

Masufi hufundisha kwamba nafsi hupitia fanaa, yaani kutoweka kwa ubinafsi mbele ya Mola, kisha ikabaki Kwake. Je, aliyebadilika hivyo angali yule yule? Na akifa je? Uways alishikilia kwamba walii hubaki walii hata kaburini, na aliye hai aweza kutawasali kupitia kwake. Sayyid Muhammad Abdille Hassan, wa tarika ya Salihiyya, alilikataa jambo hilo katakata. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa mjadala kamili wa kifalsafa, ijapokuwa siasa nayo ilikuwamo. Wote wawili waliuendesha kwa mashairi.

Mwaka 1909 wafuasi wa Sayyid walimuua Uways huko Biyoley. Kaburi lake likawa mahali pa ziara.