Robert Wangila: zahabu ya Seoul, kaburi la Nairobi

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi 1988, mjini Seoul, Korea Kusini, kijana wa Kenya mwenye miaka 21 alipanda ulingoni kupigania zahabu ya Olimpiki katika uzito wa kilo 67. Mbele yake alisimama Mfaransa, Laurent Boudouani. Raundi ya pili haikufika mwisho. Mfaransa alikuwa chini, na Robert Napunyi Wangila akawa Mkenya wa kwanza kuchukua zahabu ya ngumi kwenye Olimpiki. Mpaka leo hakuna mwingine.

Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 mwezi wa tisa 1967. Wakati ule Kenya ilikuwa inchi ya ngumi kweli kweli. Philip Waruinge alikuwa ameleta shaba kutoka Mexico 1968, kisha feza kutoka München 1972. Baadaye Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, kizazi kizima cha wapiga ngumi kikapita bila kupata nafasi. Wale wa Seoul ndio walirudisha jina. Chris Sande alipata shaba, Wangila zahabu. Mwaka ule Kenya ilipata zahabu tano, ine kati yake zilikuwa za wakimbiaji. Ya tano ilitoka kwenye ngumi za Wangila.

Kisha akaenda Marekani kutafuta maisha. Hapo ndipo hadithi inabadilika, sababu ngumi za kulipwa si Olimpiki. Kwenye Olimpiki mtu anavaa rangi za inchi yake, anapigana raundi tatu, inchi nzima inamshangilia. Kwenye ngumi za kulipwa anauza tikiti. Medali inamfungulia mlango wa kwanza, lakini haimlishi miaka mitano.

Wangila alianza vizuri. Alikuwa na mkono muzito, na wengi wa wale aliowashinda hawakufika mwisho wa pigano. Lakini akapoteza, halafu akapoteza tena. Na hapa inafaa kusimama kidogo, sababu vijana wengi wa Bunia wanaopenda ngumi wamelelewa na hadithi moja tu: ile ya Kinshasa, 1974. Muhammad Ali alikuwa amepigwa na Joe Frazier 1971, akavunjwa taya na Ken Norton 1973, watu wakasema amekwisha. Kumbe akaja kwetu, akamwangusha George Foreman katika raundi ya nane. Na yule Foreman aliyeanguka Kinshasa, naye hakufa. Alipoteza tena kwa Jimmy Young 1977, akaacha ngumi akawa mhubiri, akakaa miaka kumi, akarudi. Akapoteza kwa Evander Holyfield 1991, akapoteza kwa Tommy Morrison 1993, na bado akapewa nafasi ya kupigania mkanda.

Ni hadithi nzuri, lakini ni ya wanaume wa uzito wa juu. Wakubwa wenye kupiga vile ni wachache duniani, na ngumi moja inaweza kugeuza pigano lote, hata kama mwenye kuipiga ni muzee. Kwa hiyo promota anasamehe. Jina la Ali au la Foreman linajaza uwanja hata akiwa amepoteza mara mbili. Kwa kilo 67 mambo ni mengine kabisa. Wapiga ngumi wa uzito huo wako wengi, kila mwezi anatokea kijana mpya mwenye mbio, na anayepoteza anageuzwa haraka kuwa kipimo: anaitwa ili mwengine apimwe juu yake. Anapigana kwa feza ndogo zaidi na watu wagumu zaidi. Mgeni asiye na mji wa kumshangilia ndiye anateseka zaidi. Nairobi ilimpenda Wangila, lakini tikiti ziliuzwa Las Vegas.

Mkanda mkuu wa dunia hakupata kuupigania hata mara moja. Kitu kinachouma ni kwamba umri haukuwa tatizo. Alikuwa na miaka 26 tu. Mtu wa umri huo akipoteza, wenye hekima wanatazama namna alivyopoteza. Alishindwa kwa pointi, ao alipigwa kichwani mpaka mwamuzi akasimamisha? Alipumzika miezi mingapi? Nani anachagua mpinzani wake anayefuata, na huyo anayechagua anapata faida gani? Hesabu ya kushinda na kupoteza peke yake haisemi kitu.

Tarehe 22 mwezi wa saba 1994, Las Vegas, alipambana na David Gonzales. Alipokea ngumi nyingi. Katika raundi ya tisa mwamuzi Joe Cortez akasimamisha pigano. Wangila alikasirika, akalalamika kwamba bado anaweza kuendelea. Ukifikiria vizuri, alikuwa na sababu yake: kwa mtu wa hali yake, kusimamishwa ni alama nyingine mbaya, na alama hiyo inapunguza feza ya pigano linalofuata. Alishuka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe. Huko chumba cha kubadilisha nguo akapoteza fahamu. Damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa. Madaktari walimpasua, lakini tarehe 24 akafariki. Kwa jumla alikuwa ameshinda mara 22 na kupoteza mara 5.

Miezi mitatu na kidogo baadaye, tarehe 5 mwezi wa kumi na moja, katika mji ule ule wa Las Vegas, Foreman alimwangusha Michael Moorer raundi ya kumi, akawa bingwa wa dunia tena kwa miaka 45. Dunia nzima ikafurahi, na ilikuwa haki yake. Na Boudouani, yule aliyelala chini Seoul? Alirudi Ufaransa, akajengwa pole pole mbele ya watu wa kwao, na 1996 akachukua mkanda wa dunia wa WBA, uzito wa juu kidogo ya ule wa Seoul. Akaushika mpaka 1999.

Mwili wa Wangila ulirudishwa Nairobi. Hata hapo hakupumzika mara moja. Alikuwa ameingia Uislamu, na jamaa zake hawakusikilizana juu ya namna ya kumzika, mpaka mambo yakafika mahakamani. Mwishoni alizikwa Nairobi kwa desturi ya Kiislamu.