Henry Morton Stanley: Mwana wa Nani?

Watu aliowaajiri Unguja na kufika nao Ujiji mwaka wa 1871, akimtafuta Livingstone, walimjua kuwa Stanley, Mmarekani. Jina hilo hakulizaliwa nalo, wala Marekani hakukuwa kwao.

Alizaliwa Januari 1841 mjini Denbigh, Wales. Daftari la ubatizo la huko lamwita John Rowlands, mwana wa nje ya ndoa. Baba ni John Rowlands, mama ni Elizabeth Parry. Hata hivyo, mjini ulizagaa uvumi kwamba mzazi hasa alikuwa wakili, James Vaughan Horne. Uvumi huo haujathibitishwa hadi leo. Ikumbukwe, lakini, kuwa daftari la aina hiyo huhifadhi lile ambalo mwandikaji aliambiwa: mama hana shaka, baba ni wa kutajwa tu.

Mama hakumlea. Babu yake, Moses Parry, alifariki mwaka wa 1846, na mwaka uliofuata mtoto akapelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Inasimuliwa kwamba aliporudi kwa mamaye mwaka wa 1862, mgonjwa na fukara, alifukuzwa mlangoni. Si ajabu, basi, kwamba mtu kama huyo alijitafutia wazazi wengine.

Katika tawasifu yake, iliyochapishwa mwaka wa 1909 baada ya kifo chake, adai kuwa aliasiliwa mjini New Orleans na mfanyabiashara wa pamba, Henry Hope Stanley, ambaye alifariki mwaka wa 1861. Hapa ndipo kumbukumbu zinapomsuta. Mfanyabiashara huyo aliishi kweli, ila alifariki mwaka wa 1878. Yaani baba aliyezikwa kitabuni alikuwa hai wakati sifa za safari ya Ujiji zilipoenea ulimwenguni! Tarehe hiyo moja yatosha kuitia dosari hadithi nzima, na Tim Jeal, katika wasifu wa mwaka wa 2007, ashikilia kwamba kuasiliwa huko hakukutokea kamwe. Yamkini kijana aliliazima jina tu.

Alifariki London tarehe 10 Mei 1904, akazikwa Pirbright. Jiwe la kaburi lake lina jina Henry Morton Stanley, lakabu aliyoipata Kongo, Bula Matari, miaka yake na neno Afrika. Rowlands hayumo, wala Parry.