Yohane Kinywa cha Dhahabu na Mtu Aliyeshika Madhabahu

Huyu si Yohane wa Injili. Alizaliwa Antiokia, mji ambao leo uko Uturuki, karibu na mwaka 349. Baba yake alifariki mapema. Mama yake Anthusa, mjane kijana, alikataa kuolewa tena, akamlea na kumsomesha. Akawa padre mwaka 386. Kwa mahubiri yake amebaki na jina la Krisostomo, yaani Kinywa cha Dhahabu.

Mwaka 398 alichukuliwa Konstantinopoli kuwa askofu. Aliyefanya mpango huo ni Eutropio, mtumwa wa zamani aliyepanda hadi kuwa mshauri mkuu wa Kaisari Arkadio. Siku zile aliyekimbilia kanisani hakukamatwa humo. Eutropio hakupenda desturi hiyo, maana iliwaokoa watu aliowawinda. Mwaka huohuo akaleta sheria ya kuipunguza.

Mwaka 399 Kaisari akamgeuka. Basi alikimbilia wapi? Kanisani, akashika madhabahu! Askari walikuja, na watu walitaka auawe. Yohane akakataa kumtoa. Kesho yake alihubiri kanisa likiwa limejaa, Eutropio akitetemeka palepale. Alimkumbusha wazi kwamba ndiye aliyeivunja kinga anayoitafuta (kwa mtu aliyekwisha kuanguka, naona alimsema mno). Kisha akawasihi watu wamwombee huruma kwa Kaisari, na wengi walilia. Baadaye Eutropio alitoka kanisani, akakamatwa, akapelekwa Kipro, halafu akarudishwa na kuuawa.

Yohane naye akakosana na malkia Eudoksia. Pasaka ya mwaka 404 askari waliwavamia waliokuwa wakibatizwa, maji yakachanganyika na damu. Mwaka huo akahamishwa kwa nguvu hadi Kukuso, milimani Armenia, penye baridi kali na wanyang'anyi. Akiwa huko aliandika barua nyingi kwa waumini aliowaacha. Hata huko hakuachwa. Mwaka 407 alipelekwa mbali zaidi, kuelekea Bahari Nyeusi, akitembezwa mgonjwa. Alifia njiani, Komana, tarehe 14 Septemba.

Mwaka 431 Kaisari Theodosio wa Pili, mwana wa Arkadio na Eudoksia, alitoa sheria iliyopanua kinga ya kanisa hadi nyua na bustani zake. Mwaka 438 mwili wa Yohane ulirudishwa Konstantinopoli, na Kaisari huyo akaomba msamaha mbele ya jeneza kwa waliyoyatenda wazazi wake.